Mlango wa Doña Eulalia

Ilikuwa Desemba ya mwaka 2024. Hapana, nimekosea. Ya 2024 Crispín bado alikuwa akiniletea visu vya jikoni kwao nimnolee, na tukala naye. Ni ya 2025, mwaka ambao askari wa uhamiaji waliingia Chicago wakiwa wamefunika nyuso, wakawa wanawazoa watu wa La Villita, mtaa wetu wa Wameksiko, kama mtu anayezoa majani uani.

Doña Eulalia Zamudio, mke wa Crispín, ambaye Crispín alimwita Lala, aliuza tamale, vile viandazi vya mahindi vya kuchemshwa ndani ya maganda, kwenye kona ya kanisa. Mfupi, mabega mapana, sauti ya kusimamisha basi lililokwisha kuondoka. Uongozi hakuuomba. Siku walipomkamata muuza maua mbele ya sufuria yake, aliifunika ile sufuria, akaenda moja kwa moja kwa Padre Anselmo, akamwambia, "Padre, fungua ukumbi. Kuanzia leo tunakutana." Toka hapo yeye, Padre na diwani wakawa ndio kamati. Waligawa filimbi za bati: ukiyaona magari ya askari, piga. Padre alihubiri, diwani akaenda kubishana na wakubwa mjini. Eulalia alishika milango.

"Bila kibali chenye sahihi ya hakimu hawaruhusiwi kuingia," alitufundisha. "Ukiwafungulia, umewakaribisha."

Kisha akawa anatupima. Anabisha kwa watu huku akijifanya mtoto anayelia kwa baridi. Jirani yake, Socorro, alifungua.

"Haya, umeshamuuza mama yako," Eulalia akamwambia.

"Nilidhani mtoto, Doña."

"Watakuja na mtoto. Watakuja na sauti ya mama yako. Hata nikiwa mimi hapo nje navuja damu, usifungue."

"Na akiwa Crispín?"

"Huyo ndiye umwache kabisa, apate akili."

Tukacheka. Crispín mwenyewe alicheka kutushinda. Alikuwa mwezekaji wa mapaa, mtu wa mizaha, na makaratasi ya ukaazi hakuwa nayo.

Ikafika posada. Kila mwaka kabla ya Krismasi kundi moja husimama nje ya nyumba likiimba kama Yosefu na Maria wanaoomba malazi. Walio ndani huwajibu kwa wimbo: nendeni zenu, hapa si nyumba ya wageni, huenda nyinyi ni wezi. Huomba na kunyimwa hivyo hivyo hadi ubeti wa mwisho, ndipo mlango unafunguliwa na watu wanakula.

Padre alitaka mwaka ule tuache. Eulalia akakataa.

"Tukiacha, wameshatufukuza kabla hawajatushika. Tutaimba mchana, nyumbani kwangu, na mlango haufunguki. Wenye makaratasi nje, wasio nayo ndani. Tukimaliza, wa nje waende ukumbini wakale."

"Maria anaachwa nje kwenye baridi hii?" bibi mmoja akanung'unika.

"Maria kazaliwa hapa Chicago, bibi. Ana makaratasi kuliko wewe."

Siku yenyewe watoto waligawiwa njuga na vifilimbi vya udongo, kama posada zote. Kamati nzima ile, hakuna aliyelifikiria hilo. Posada bila vifilimbi haijawahi kuwapo.

Aliyepangwa kuwa Yosefu, kaka yake Socorro, aliamka na homa. Crispín ndiye aliyekuwa Yosefu miaka yote. Akajitanda blanketi, akachukua fimbo, akatokea mlango wa nyuma kwenda nje.

"Nyimbo mbili tatu tu, mzee," aliniambia. "Nani anamkamata Yosefu?"

Sijui kama mkewe alimwona. Alikuwa ametupa mgongo, anakoroga sufuria ya kinywaji cha moto cha matunda.

Tukaimba. Katikati ya wimbo filimbi za nje zikazidi. Tukasema, watoto hao, wamechangamka. Mara mlango ukagongwa kwa ngumi.

"Lala, fungua. Ni mimi."

Ndani tukaangua kicheko. Crispín hakuwahi kumaliza posada bila kutia maneno yake.

"Yosefu ameshaanza," mtu akasema.

"Fungua, Lala. Wako hapa kwenye ngazi."

"Nenda zako, mlevi we," tukamjibu, na ubeti wa kunyima tukaupandisha juu zaidi.

Eulalia alitoka jikoni akijifuta mikono. Akaenda mlangoni, akaweka kiganja juu ya komeo, na yeye ndiye akatuongoza. Sauti haikutikisika. Nje, Crispín aliomba tena, safari hii bila mzaha wowote, akimwita kwa jina lake zima. Kisha kitu kizito kikaangukia mlango kwa chini, kama gunia. Kisha magari. Eulalia akaumaliza ubeti.

Tulipochungulia, kulikuwa na blanketi, fimbo iliyovunjika na kiatu kimoja. Maria alikaa kwenye ngazi, mdomo umepasuka. Socorro alisimama kando yake, filimbi ya bati bado iko kinywani, hana pumzi ya kuipuliza.

Sisi wa ndani, watoto wachanga pamoja nasi, hakuguswa hata mmoja. Kwa hiyo Padre akaisimulia habari ile kanisani, diwani akaisimulia mjini, mbele ya wakubwa. "Huo ndio msimamo wa mtaa wetu," akasema, na ukumbi ukapiga makofi. Eulalia alisimamishwa mbele. Alitazama viatu vyake.

Crispín walimpandisha ndege kwenda Meksiko. Akipiga simu, anampigia Socorro. Siku moja Socorro alikuja kwenye kona ya kanisa, akasema mbele ya wateja wote:

"Mumeo anauliza kama wimbo umekwisha."

Eulalia alifunika sufuria akaenda nyumbani. Kesho yake alirudi, akauza kama kawaida.

Ninapopita na jiwe langu la kunolea, huwa nanunua moja.

"Pilipili nyekundu au ya kijani, mzee?"

"Nyekundu."

Ananifungia vizuri, ananiongezea kitambaa cha karatasi. Na kila mara, watu wakishapungua, namuuliza polepole, naye anaanza kupangusa sufuria: Doña Eulalia, ulipoweka mkono kwenye lile komeo, ulikuwa umeshaitambua sauti yake?