Sindano ya Mkononi

Siku nisiyoweza kuisahau, mwanangu, ni ile niliyomkuta mdogo wangu Kalunde amejifunga kidevu kwa kitambaa cheupe, fundo utosini, kama tulivyomwona mama akifungwa baada ya kukata roho. Alikuwa amekaa mlangoni mchana kweupe. Watoto wa jirani walimwona wakakimbia.

"Likifungwa halilii," alisema kwa meno yaliyobanana.

Alimaanisha taya. Tangu wazazi wafariki nasi tuhamie kijiji cha ujamaa nje ya Tabora, taya lake lililia kila alipotafuna, kama mtu anayevunja kijiti kikavu nyuma yako. Baadaye likakataa kufunguka zaidi ya upana wa kidole. Akawa wa kunywa uji tu, mifupa ya mabega ikatokeza. Mimi, mkubwa wa Kalunde na wadogo zetu wengine, nilishaacha shule ili niwalee. Sikuwa tayari kuzika mwingine.

Mganga wa zahanati alimchoma sindano ya dawa shavuni. Maumivu yalikwenda, na uso ukaenda nayo: nusu ulicheka, nusu ulilala. Jioni yakarudi. Wengine wakanitajia daktari wa Kichina mjini, mwenye sindano zisizo na dawa; wengine wakasema huo ni uchawi. Nikazunguka nikiuliza kila nyumba.

Bibi Nyamizi, shangazi wa baba, akanikemea. "Shikamoo zako umezimaliza kijiji kizima. Mwenye taya umemuuliza?"

"Yeye ni mtoto, bibi."

"Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Wewe unauliza wachimba kaburi."

Nikamuuliza. Kalunde akasema sindano ile ya dawa ilimfanya asijue kama bado ana mdomo, na hilo lilimtisha kuliko maumivu. Basi tukashika njia ya kale ya misafara kwa miguu, kwenda mjini kwa yule daktari wa Kichina, yeye na kitambaa chake. Waliokutana nasi walitupisha kimya, kama unavyopisha jeneza.

Daktari alichoma sindano nyembamba kama unywele shavuni, akaipandisha na kuishusha mpaka nyama ikaruka yenyewe. Nyingine akaichoma mkononi, karibu na dole gumba, akaiacha imesimama.

"Ugonjwa uko huku juu, daktari," nilimwambia. Hakujua Kiswahili, akaniashiria ningoje.

Mdomo ulifunguka, mwanangu. Taya likalia mara moja, na Kalunde akasema, "Wadogo wamekula?"

Ndilo swali mama aliloniuliza kila jioni, na sauti ilikuwa ya mama. Daktari, ambaye neno hakulielewa, aligeuka akatazama benchi tupu nyuma yake.

"Wamekula," nilijibu. Hadi leo sijui nilimjibu nani.

Hakupona siku ile. Tulirudi tena na tena, na kile kilio cha taya hakikuisha kabisa. Lakini alikula ugali, na kitambaa alikikunja mwenyewe akakitia sandukuni.

Mwanangu, ukiuguza mtu, usiwe shabiki wa sindano hii wala ile. Moja humfaa huyu, nyingine yule, na ipo inayotuliza bila kuponya. Muulize anayeumwa, kisha umngoje ajibu, hata kama meno yamebana. Nami nakuombea kwa Mungu mdomo wa kula na wa kusema. Na siku utakapobanwa, usikose mtu wa kukuuliza.