Makuli Kisogoni mwa Foklifti

Mkwe wangu alipoleta foklifti yake ya betri kwenye ghala lake pale Mkuyuni, aliizungusha uani siku nzima kama bwana harusi anayeonyesha gari la kuazima. Ya njano, ndogo, matairi magumu kama ya mkokoteni. Kitu cha sakafu laini, cha kusogezea kreti za soda. Yeye akaiita mtambo.

Mimi darasa la nne sikulimaliza, ila nimebeba marobota ya pamba mgongoni mpaka nikajenga. Najua foklifti si moja. Kule viwanda vya samaki wana zile nyembamba za mlingoti mrefu, zinapita katikati ya rafu kwenye vyumba vya baridi na kufikia katoni za juu kabisa. Hizi za betri ni za ndani, hazipulizii chakula moshi. Lakini uani kwetu, mawe na vumbi, panataka ya dizeli, yenye matairi ya maana na kisogo kizito. Kisogo ndicho kinachoshikilia mzigo wa mbele. Hilo hata mbuzi angelielewa.

Siku lori lilipoleta mashine yangu ya kukoboa mpunga, mashine niliyouza ng'ombe wote ili niipate, mkwe akaja mbio na mtambo wake. Kwetu Wasukuma mkwe hakemewi mbele za watu. Nikampisha. Akapitisha vile vyuma viwili chini ya mashine, akanyanyua. Kilichonyanyuka ni magurudumu ya nyuma ya foklifti yenyewe.

"Pandeni!" akawaita makuli wake wa ghalani. "Wenye vitambi kwanza!"

Wakapanda wanne kisogoni, wameshikana viuno, wanacheka. Akili gani hiyo! Mzigo ukiteleza, foklifti inarudi chini kwa kishindo, wao wanarushwa kama mahindi kwenye ungo, na mashine yangu inakuwa chuma chakavu.

"Shukeni," nikasema.

"Baba, mbona tunafanya hivi kila siku?" mkwe akauliza.

"Kila siku unabeba soda."

"Baba, watu wanatutazama."

"Na watazame! Wamwone mwanamume anayefanya matumbo ya wenzake kuwa mawe ya mizani."

"Mzee, mimi nilishashuka zamani," akasema mmoja, mguu mmoja bado uko juu.

Nikakodi ya dizeli kwa jirani. Ikaichukua mashine kwa mkupuo mmoja, ikaiweka mahali pake, basi.

Tangu hapo mkwe hakanyagi kwangu. Binti yangu analia kwamba nimemvunjia mumewe heshima, eti nipeleke mbuzi nikaombe radhi. Nilishamchagua na mbuzi mwenyewe, dume zuri. Juzi nikapita pale ghalani nimwambie nakuja. Nikakuta makuli wako kisogoni tena, wanacheka, na yeye kwenye usukani anapiga honi.

Nikageuza. Mbuzi yuko zizini kwangu, ananenepa kwa pumba za mashine.