Mikono Mia Mbili ya Kushoto

Shangazi yangu amekata vitambaa kiwandani miaka ishirini na sita, na kwa miaka kumi na tisa hakugusa Meza ya Bwana. Kanisani alikaa benchi la nyuma. Mkate ulipopita aliinamisha kichwa, kama anayetafuta kitu sakafuni.

Sababu ilikuwa mikono ya mashati. Vitambaa hutandikwa tabaka juu ya tabaka, kimoja uso juu, kinachofuata uso chini, ili kisu kikipita upate mkono wa kulia na wa kushoto. Siku moja, baada ya kukesha akiniuguza, alivitandika vyote uso juu. Ikatoka mikono mia mbili, yote ya kushoto. Kila mkataji huweka alama yake ya chaki kwenye kitambaa cha juu. Yake ilikuwa duara.

Aliyeona kwanza ni mkataji mwenzake, Bibi Mkasi, aliyeitwa hivyo kwa kuwa hakumwazima mtu mkasi wake, hata msimamizi. Alilifuta duara kwa kiganja, akachora mistari miwili, alama yake mwenyewe. Jioni ile akafukuzwa kazi. Shangazi alinyamaza. Nyumbani nilikuwepo mimi, yatima wa miaka minne.

Tangu hapo, kila Jumamosi alikwenda kwa Bibi Mkasi kufua na kupiga deki. Mwenyeji alimtania kwamba sakafu itatoboka. Hakusikia.

Nilitoka chuoni nikiwaka moto wa kutetea haki. Aliponisimulia, nilimwambia hatia haihamishwi kama kiti. Aende kwa msimamizi akakiri. Nikaongeza kwamba hata mahubiri ya msalaba yalinikera kwa sababu hiyohiyo: hakimu gani humwadhibu asiye na kosa? Aliitikia kila neno.

Jumamosi iliyofuata nilimsindikiza. Bibi Mkasi alikuwa mgonjwa kitandani. Shangazi akachukua ndoo na tambara, na huku akideki akamwambia kwamba Jumatatu anakwenda kukiri.

Bibi Mkasi alijiinua kwa kiwiko. "Weka ndoo chini, mdogo wangu. Kuna mtu alinishika mkono nifute ile chaki?"

"Hapana, dada."

"Basi ukienda, nitakuwa nimefukuzwa bure. Nilikupa kitu, wewe kila wiki unanirudishia na sabuni juu."

"Lakini kosa ni langu."

"Najua ni lako. Lingekuwa langu, ningekuwa nimekupa nini?"

 Katika hoja zangu zote nilimsahau yule aliyebeba kosa la mwenzake: hakuburutwa na mtu, alijitoa mwenyewe. Na imani, niliyodhani ni kukubali maneno fulani, niliiona pale kuwa ni kupokea, kazi ngumu kuliko kudeki. Shangazi alibaki ameshika ndoo kwa muda mrefu. Kisha akaiweka chini, sakafu ikiwa nusu kavu nusu maji, akaketi ukingoni mwa kitanda. Nikawachemshia chai.

Jumapili mkate ulifika benchi la nyuma. Mhudumu alishazoea kumpita. Shangazi akamvuta mkono wa shati, asipite.