Umeandika Bure

Mfasiri wa wizara ya biashara alikuwa na shemeji, na shemeji huyo ndiye aliyekuwa maradhi yake. Kaka huyo wa mkewe alitengeneza programu ya kupanga foleni za zahanati, akaiachia dunia pamoja na msimbo wake, yale maandishi yanayoiendesha, kwa sharti moja tu: atakayeibadilisha naye aweke msimbo wake wazi. Mkewe hakupakua chakula bila kulitaja jambo hilo. Mfasiri, ambaye mikataba yake haikuwahi kutajwa mezani, akampachika shemeji jina la Bwana Bure. Utani wa mashemeji, alisema.

Kisha ukamfikia mkataba mpya wa biashara, autafsiri kutoka Kiingereza. Kifungu kimoja kilizuia serikali kumlazimisha mfanyabiashara wa nje afichue msimbo wake. Chini yake kuliachwa upenyo: masharti ya leseni za programu huria, zile zenye msimbo wazi kama ya shemeji, yangebaki na nguvu. Mfasiri akamwona shemeji mtu kajikalia ndani ya sentensi, miguu juu ya meza. Hata kazini kamfuata! Mahali pa "huria" akaandika "programu za bure". Akalisoma kwa sauti, likamkaa vizuri mdomoni. Na tafsiri hiyo ndiyo ingetumika mahakamani.

Wizara ikaita wataalamu waipitie rasimu, na nani akaingia? Shemeji, na shati lisilojua pasi. Mkurugenzi akainuka kumpa mkono. Mfasiri hakukumbuka kuinukiwa na mtu. Shemeji akasoma, akafika pale, akaweka kidole.

"Shemeji, hapa umeandika bure."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mfasiri akauliza, kwa upole wa kikazi, kosa liko wapi. Kwani yeye ile programu anaiuza?

"Siuzi. Lakini cha bure hata mwenye kuficha msimbo hukitoa. Kuna kampuni ya nje imechukua kazi yangu, ikaibadilisha, ikaifungia ndani. Neno hili likipita, sina pa kuishika. Andika huria."

Mfasiri akafuta. Akaandika huria, kwa mwandiko wa mtu anayesaini talaka.

Jioni shemeji alikuja kula. Mke wa mfasiri alikwisha kuipata habari ya kikao, na mfasiri akajiweka tayari kusimangwa. Badala yake shemeji akasema neno lile ni kazi ya mfasiri, yeye alipita tu na kusoma. Sifa nazo akazitoa hivyohivyo, bila kudai kitu.

"Unaona kaka yangu alivyo na moyo?" mkewe akasema, akamwongezea kaka yake mchuzi.

Mfasiri akatafuna taratibu.