Pasheni ya Khatijabai

Hasanali hakuwa kiziwi, ila simu za siku hizi zilimchanganya. Alipomsikia mjukuu wake Nilofer akimwambia mjomba aliyeko Dar, "Chuo wanataka kujua pasheni yangu," mzee alivaa makubazi, akaelekea sokoni Makorora. Alirudi na mfuko umejaa, simu bado inaendelea.

"Haya, wapelekee. Kumbe Ulaya nzima hakuna pasheni!"

Nilofer alicheka mpaka akakaa chini. "Babu, si za juisi! Wanataka kitu ninachokipenda kwa dhati. Ndicho wanachochagulia watu."

"Wangesema mahaba, tungeelewana."

"Mzee, usituharibie," sauti ya mjomba Shabbar ilitoka simuni. "Nilofer, andika umeanzisha kituo cha yatima. Wakisoma yatima, wanalia."

"Kituo kiko wapi?" Hasanali aliuliza.

"Kwenye insha."

Mzee alisonya. Shule aliiacha darasa la nne, mengine akajisomea kwenye magazeti ya kufungia karanga, dukani kwa baba yake. Kwenye duka hilo baba aliposema kanga haichuji, haikuchuja, na mteja hakuuliza mara mbili. Siku hizi kanga inachuja kwenye beseni la kwanza, na muuzaji anakucheka.

Nilofer aliandika ya yatima, akamsomea. Hasanali alisikiliza mpaka mwisho.

"Msichana huyu simjui," alisema. "Chuo kikimchukua, wewe utabaki hapa."

Nilofer alinuna, akatoka uani. Ilikuwa baada ya adhuhuri, saa ambayo maua ya pasheni hufunguka. Mti ule aliupanda marehemu bibi yake, Khatijabai, ukatambaa ukuta mzima. Mzee alimwona akichovya kidole ua hili, akagusa lile, kama afanyavyo kila siku.

"Hivi huwa unafanya nini hapo?"

"Nawafanyia nyuki kazi yao, kuhamisha chavua. Wale weusi wakubwa, waliotoboa boriti za paa la zamani. Baba alipozing'oa akaweka chuma, nyuki wakahama. Maua yakawa yanapukutika bure." Alishasahau kununa. "Nimewatafuta Makorora yote, Babu. Nimewakuta Tongoni, kwenye gogo la mnazi. Nataka niombe gogo lile, nilitundike hapa, nione kama watakubali kukaa."

Hasanali alizikumbuka boriti zile za mvule. Kila alasiri unga wa mbao ulimdondokea Khatijabai kwenye chai, naye akiwatukana nyuki kwa Kikachi, lugha ya wazee wake, huku akifunika kikombe kwa kiganja. Sasa chai ilikuwa safi, na nyumba kimya.

"Andika hilo."

"Hili? Watanicheka!"

"Na wacheke. Angalau watakuwa wanakucheka wewe."

Aliandika usiku huohuo, bila yatima hata mmoja. Shabbar alipoisoma alipiga simu kufoka kwamba binti amepoteza bahati yake kwa ajili ya wadudu. Jibu lilipokuja, kabla ya Ramadhani, lilisema aje, na walimu wa huko wangependa kusikia zaidi habari za gogo.

Gogo limetundikwa uani. Nyuki bado hawajaja. Kila adhuhuri ikipita, Hasanali huburuta kiti mpaka ukutani, akachovya kidole ua hili, akagusa lile.

"Babu, umegusa?" Nilofer huuliza simuni kutoka Ulaya.

"Nimegusa. Mahaba yako yananitoa jasho."

Halafu hukaa kidogo, akisikiliza mvumo wa nyuki kwenye boriti ambazo hazipo.