Dakika kumi na nane baada ya harusi

"Wafanyakazi na wananchi wote wanatangaziwa kwamba, kuanzia tarehe mosi mwezi huu, mlango wa bohari utafunguliwa kwa kusukuma na si kwa kuvuta kama ilivyokuwa awali."

Tangazo hilo, lenye muhuri mmoja na sahihi mbili, limebandikwa kwenye mlango wa bohari ya ofisi moja ya umma mjini Tabora. Saa mbili na nusu asubuhi, Tunu Awadhi anasimama mbele yake, analisoma hadi mwisho, kisha anasukuma. Mlango haufunguki. Anavuta. Unafunguka.

"Shikamoo, mama," anasema mtunza bohari, Sylvester. "Umekuja tena?"

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kumwona mgonjwa wangu. Ameamkaje?"

"Hajambo. Jana nilimfuta vumbi."

Mgonjwa huyo ni deki ya video ya rangi ya kijivu, iliyowekwa rafu ya tatu kati ya taipureta mbili na kombe la netiboli lililovunjika mkono. Tangu mwaka 2011 imo katika orodha ya mali zinazosubiri kufutwa. Kwa kuwa inasubiri kufutwa, haitumiki. Kwa kuwa haijafutwa, haiuzwi wala haiazimwi. Kwa ushahidi wa Sylvester, anayeiwasha kila anapofanya usafi, ni nzima kabisa.

Tunu ana umri wa miaka sitini na mitatu. Mjini anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Tabora kubeba kamera ya video na kutengeneza nayo filamu za maisha ya watu. Hakuna kumbukumbu rasmi inayothibitisha dai hilo. Hakuna pia aliyewahi kujitokeza kulipinga.

Riziki yake ni picha za pasipoti anazopiga katika chumba kimoja mtaa wa Kanyenye. Kazi yake hasa ni nyingine: filamu moja, aliyoianza mwaka 1990 na ambayo hadi leo haijaisha, kuhusu watu waliotembea njia ya misafara kutoka Tabora hadi pwani wakiwa na mizigo kichwani na mabegani, kama walivyosimuliwa na watoto wao.

Kamera ilimfikia kwa kupitia dirishani. Mwaka 1989, katika harusi ya binamu yake, ndugu mmoja alileta kamera kutoka Maskati na kumkodi mwanamume wa kuiendesha. Wanawake waliokuwa sherehe ya ndani, ambao walikwisha kuvua mitandio, walimfukuza mwanamume huyo na kuipokea kamera dirishani.

"Mimi nilikuwa nachambua mchele," anasimulia Tunu. "Shangazi akaniambia, wewe mikono yako haitetemeki, shika hiki kidude. Nikashika. Dakika ishirini za mwanzo nilipiga picha za miguu yangu mwenyewe."

Baada ya hapo haikufanyika harusi bila yeye. Kila familia ilimwapisha kiapo kilekile: mkanda wa sherehe ya ndani haunakiliwi, hauonwi na mwanamume, na siku ya saba unakabidhiwa mkononi mwa mama wa bibi harusi. Kwa upande wake alipewa haki moja. Sehemu ya mkanda ambayo harusi haikuijaza ilikuwa yake, kama vile fundi cherehani anavyobaki na vipande.

Mikanda ilikuwa adimu. Basi Tunu, katika siku sita zilizobaki, alipanda baiskeli na kwenda kuwarekodi wazee katika vipande hivyo: dakika kumi hapa, dakika ishirini kule. Siku ya saba alikabidhi mkanda kama alivyoapa. Kunakili kulihitaji deki mbili, naye alikuwa na moja.

"Nilijiambia nitarudi kuazima," anasema. "Nilikuwa kijana. Kijana anadhani makabati ya watu yatamngoja."

Kwa njia hiyo aligawa kazi yake bora kuliko zote, ikafungiwa pamoja na naftalini katika makabati ya mji mzima. Ni kosa ambalo mtu asiye mwaminifu asingeweza kulifanya.

Katika harusi mia tatu na kumi na moja alizorekodi, anakadiria kuwa mia moja na arobaini zina mzee mwishoni. Tangu mwaka 2015 anapita nyumba kwa nyumba kuzitafuta. Amepata hamsini na saba, akazitazama pamoja na wenyewe, wanawake peke yao chumbani, na kunakili mwisho tu kwa kuunganisha deki yake na kompyuta. Ishirini na mbili zilichomwa moto na wanandoa walioachana. Sita alizikuta kijijini Puge, zimefumuliwa na kutandazwa juu ya mashamba ya mpunga ili kufukuza ndege, kazi ambayo, kwa maelezo ya wakulima, zilikuwa zikiifanya vizuri.

Puge ndiko kuliko na kisa kinachomleta kwenye bohari hii kila wiki. Mwezi Agosti 1996 alimrekodi huko Bibi Apolinaria, mkulima aliyekuwa amepita miaka themanini, ambaye mama yake alikwenda pwani na msafara akiwa na chungu kichwani na mtoto mgongoni. Wazee wengine wote waliomsimulia walikuwa wana wa wapagazi wanaume. Huyu tu alikuwa na habari za mwanamke. Alifariki miaka miwili baadaye.

"Nakumbuka alivyopiga magoti kunionyesha mzigo unavyoinuliwa na mtu mwenye mtoto," anasema Tunu. "Mikono yake naiona. Maneno yamenitoka. Sasa filamu yangu niandike nini? Hapa bibi alisema jambo?"

Dakika kumi na nane za bibi huyo zimo mwishoni mwa mkanda wa saa tatu wa harusi ya Najiat, mfanyabiashara wa vitenge wa mtaa wa Cheyo. Najiat aliachika mwaka 2003. Kwa miaka tisa tangu Tunu aanze kuuomba, alikataa kuutoa mkanda, na mji ukaamini kuwa ni kwa sababu ya aliyekuwa mumewe, Sadiki. Mwezi Machi mwaka huu alimwita Tunu mwenyewe.

"Bi Tunu, mkanda nitakupa," alimwambia. "Ila Sadiki sitaki kumwona."

"Sadiki hayumo, mwanangu. Hakuingia ndani hata kidogo."

"Basi hilo ndilo jambo jema pekee alilowahi kunifanyia."

Walicheka.

"Yumo mama yangu," akasema Najiat. "Anacheza kichwa wazi. Yule alikuwa mtu wa swala tano, Bi Tunu, hata muuza samaki hakuziona nywele zake. Mimi simlindi mwanamume. Namlinda yeye."

"Na wewe hutaki kumwona?"

"Nataka. Ndiyo maana mkanda hautoki bila mimi."

Deki ya Tunu ilikufa miaka miwili iliyopita. Dar es Salaam wako wanaonakili mikanda, lakini ni wanaume, na mkanda lazima uwaachie. Fundi Adriano wa Kanyenye, ambaye alitazama gamba na ukingo wa mkanda tu, alikuta ukungu mweupe umeanza kuula.

"Mama, huu utapita kwenye deki mara moja," alisema. "Mara ya pili siahidi. Na mvua za Novemba zikiukuta hivi, hata hiyo mara moja usiihesabu."

Leo ni wiki ya mwisho ya Oktoba. Mwezi Juni, Tunu aliandika barua kuomba mambo matatu: atumie deki kwa saa tatu, mlango ukiwa umefungwa, na asiwepo mwanamume ndani. Barua ilipelekwa kwenye kamati ya wajumbe watano, wote wanaume, na wote, anasema Tunu, watu wazuri ambao amewapiga picha za pasipoti.

Sylvester amekuwa akitafuta ufumbuzi wake binafsi.

"Mimi ningegeuka tu niangalie ukuta, mama."

"Vigelegele vikilia utageuka."

"Mimi Mmoravian, mama. Sigeuki."

"Hata Mmoravian ana shingo, baba."

Mpango wa Tunu hauna makuu. Akizipata dakika kumi na nane atamaliza filamu kabla ya Krismasi, na ataionyesha kwanza Puge, kwenye ukuta wa nyumba ya vitukuu wa Bibi Apolinaria, ambao hawajawahi kuisikia sauti ya bibi yao. Shuka la kuonyeshea amekwisha kulifua na kulipiga pasi.

"Yule mama wa bibi alikwenda pwani na kurudi kwa miguu yake," anasema. "Mimi nashindwa na mlango?"

Sylvester anainuka, anafungua droo, anampa bahasha. Kamati ilikaa juzi. Nje, kwenye benchi, Najiat anangoja na mkanda aliouzungushia kanga ya marehemu mama yake. Amefunga duka asubuhi hii kwa kuwa alisikia jibu limetoka.

Tunu anavaa miwani na kuisoma barua kwa sauti, polepole, ili aliye nje naye asikie. Yah: Ombi la kutumia deki. Kamati imelipokea ombi, imelijadili kwa kina, imetambua mchango wa mwombaji katika utamaduni wa mkoa, na imeridhia kwa kauli moja kwamba deki itumike kwa saa zote tatu zilizoombwa, ndani ya bohari, mbele ya mtunza bohari na wajumbe wawili wa kamati; na kwamba, kwa ajili ya usalama wa mali ya umma, mlango ubaki wazi muda wote.