Simu ya Upepo ya Gari la Mkia

Ipo Ijumaa moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kwanza kwa harufu yake: nta ya gari, petroli, na chapati za moto zilizofungwa ndani ya kitambaa. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada yangu, nimerudi nyumbani Hail kusubiri kazi, na kazi haiji. Niliwahi kukaa mbele ya watu wa usaili wakaniuliza swali jepesi kabisa, nijieleze mimi ni nani. Nikafikiri muda mrefu mpaka mmoja wao akanisukumia gilasi ya maji. Walidhani naumwa, kumbe nilikuwa nachagua neno la kuanzia.

Usicheke sana. Nakuona nawe jinsi unavyoandika ujumbe wa simu, ukaufuta, ukauandika tena.

Ami Nassor, ndugu mdogo wa marehemu baba yangu, alikuwa na ugonjwa wa magari ya zamani. Alilikuta moja Matrah, limelala chini ya turubai, akalileta nyumbani likivutwa kwa kamba, na kwa miaka kadhaa likawa linakula Alkhamisi zake zote za mapumziko uani. Lilipokwisha lilikuwa jeupe, refu, lenye nikeli inayong'aa mbele na nyuma, na watoto wakalipa jina Bi Harusi. Rafiki yake Maalim Khalfan, aliyekuwa akisomesha hesabu, alikuwa na gari la jipi la kijivu lililoitwa Kifaru. La tatu lilikuwa pikapu ya kijani ya Bi Zuwena, shangazi yangu wa Sidab, aliyejifunza kuendesha Tabora kabla sijazaliwa na hakupata kumpisha mwanamume barabarani tangu siku hiyo. Pikapu ile iliitwa Tausi.

Kila mara hali ya hewa ikipoa, magari haya matatu yalitoka safari pamoja. Simu za mkononi zilikuwapo kwa wachache, lakini ukishaingia milimani zilikuwa hazina kazi. Kwa hiyo Ami Nassor alifunga simu za upepo katika magari yote, zenye kibali chake, kila moja na kipaza sauti cha kushika mkononi na waya uliojisokota kama nywele za mtoto. Ukibonyeza kitufe, unasema na wote wanakusikia. Ukikiachia, unawasikia wao. Na maadamu wewe umebonyeza, hakuna mwengine anayeweza kusema.

Maalim Khalfan ndiye aliyeweka sheria. Dereva hagusi simu, anayeshika ni aliyekaa pembeni yake. Gari la mkia ndilo macho ya msafara, kwa sababu ndilo linalowaona wenziwe wote kwa nyuma. Na hewani haitwi mtu, huitwa gari, mara mbili, kisha unasema ulilonalo. Alisema tukianza kuamkiana kwa kikwetu, hujambo, wazee hawajambo, na mama hajambo, tutafika Sur, kule mbali kupita Kuriyat, kabla hatujafika kwenye jambo lenyewe.

Ijumaa hiyo tulikuwa tunakwenda Kuriyat kula samaki. Kifaru alitangulia. Bi Harusi katikati, na ndani yake Ami Nassor na mkewe mbele, nyuma watoto wao wawili na bibi yangu mzaa baba. Tausi mkiani, Bi Zuwena kwenye usukani na mimi na simu.

Nilikuwa nimekaa nayo mapajani kama yai.

Tulipoingia Wadi Adai, baina ya ile milima inayokaribiana, nikaona moshi unatoka dirisha la nyuma la Bi Harusi. Kwa mara ya kwanza maishani sikufikiri. Nikabonyeza.

"Moshi! Bi Harusi anatoa moshi! Ami, simameni, gari inaungua!"

Magari yote yakapigwa breki, milango ikafunguka, watoto wakatolewa mbiombio. Akatoka na bibi yangu, taratibu, chetezo mkononi, ubani unafuka. Alikuwa amekitia ndani ya gari kwa sababu, alisema, gari ile inanuka mafuta na yeye haendi kwa watu akinuka gereji.

Maalim Khalfan alicheka mpaka akajishika ubavu. Tuliporudi barabarani, Ami Nassor akachukua simu mwenyewe, akavunja sheria ili tu apate kunitania.

"Tausi, Tausi. Tunamshukuru Zimamoto wetu. Lakini moto wetu huu unanukia, bwana. Mwaonaje nyie huko, mnasikia harufu?"

Tokea hapo nikawa Zimamoto. Kila baada ya kona mbili tatu: "Zimamoto, umelala?" "Zimamoto, bibi kapiga chafya, tusimame?" Bi Zuwena naye alikuwa akicheka, nami nikicheka, lakini uso ulikuwa unanichoma. Nikajiapia kuwa siibonyezi tena simu ile mpaka tufike.

Amerat tulitia petroli na kunywa chai ya maziwa tukiwa tumesimama. Tulipoondoka tu pale kituoni, nikaliona gurudumu la nyuma la Bi Harusi, la upande wa kulia. Halikuwa linazunguka sawasawa. Lilikuwa linacheza, kidogo sana, kama jino la mtoto.

Nikajiambia ni jua. Kisha nikajiambia ni kofia ya gurudumu, maana Ami Nassor alikuwa amezing'arisha zile kofia mpaka zinarusha mwanga. Kisha nikafikiri labda ni barabara, nikaangalia gurudumu la kushoto, nalo limetulia. Labda basi magari ya zamani ndivyo yalivyo. Mimi najua nini habari ya magari? Na nikisema, nitasema vipi kwamba ami yangu, aliyelijenga gari lile kwa mikono yake, hakulifunga gurudumu lake? Nitasema mbele ya mkewe, na mama yake, na Maalim Khalfan, na watoto? Siku hizo, mwanangu, mkubwa akikosea ulimvuta pembeni, au ulimwambia mamaako amwambie. Hewani hakuna pembeni. Neno lililotoka limefika masikio yote kwa pamoja.

Barabara ikawa inapanda. Mbele yetu palikuwa na ule mteremko wa kushukia Kuriyat, wenye kona juu ya kona, na upande mmoja ni bonde. Sasa gurudumu lilikuwa linacheza dhahiri. Nikashika simu, nikabonyeza, nikafungua mdomo.

"Ami... shikamoo ami... samahani sana..."

Nikanyamaza na kidole bado kimebonyeza. Nilikuwa natafuta neno lisilomvunjia heshima.

Bi Zuwena akanitazama kwa jicho la pembeni. "Umebonyeza au umeachia?"

"Nimebonyeza."

"Basi umewaziba mdomo wote. Una neno, liseme. Huna, achia."

Nikaachia. "Shangazi, gurudumu la ami linacheza."

"Linacheza vipi?"

"Kama linataka kutoka. Lakini labda ni macho yangu."

Akakunja uso kuangalia mbele. "Mie kwa umbali huu naona weupe tu. Macho ni wewe. Lacheza au halichezi?"

"Linacheza."

"Sasa wangojea nini?"

"Na kama si kweli? Mara hii wataniita nini?"

"Watakutafutia jina jengine, utalizoea."

"Lakini ami yangu, shangazi. Mbele ya watu wote."

"Na nani kakwambia useme na ami yako?" Sasa alikuwa amekasirika. "Hewani hamna ami. Gari inayo jina. Iite!"

Nikabonyeza.

"Bi Harusi, Bi Harusi. Simama. Gurudumu la nyuma, kulia, linacheza."

Nikaachia. Ikaja sauti ya Ami Nassor, yenye kicheko ndani yake:

"Zimamoto, ubani tumeuzima zamani."

Na nyuma ya sauti hiyo nikawasikia watoto wanacheka. Kifaru alikuwa keshapinda kona ya kwanza ya mteremko, haonekani. Nataka ujue nilichofikiri wakati ule, kwa sababu ndicho kilichonifanya nikusimulie. Nilifikiri: nimekwisha sema, basi, yaliyobaki si yangu. Ilikuwa fikra tamu sana. Mtu anaweza kukaa ndani yake raha mustarehe na huku anaangalia gari linakwenda bondeni.

Nikabonyeza mara ya pili.

"Bi Harusi, simama. Sasa hivi."

Taa zake za nyuma zikawaka nyekundu. Gari likaondoka barabarani polepole, likasimama juu ya changarawe, pua yake imeelekea pale ardhi inapoanza kushuka.

Ami Nassor alishuka tabasamu likiwa bado usoni. Alikwenda nyuma, akachutama, akaitoa ile kofia inayong'aa, na nati moja ikadondoka chini yenyewe. Akazigusa zilizobaki. Zilizunguka kwa vidole, mwanangu, kama kifuniko cha chupa. Usiku wa kuamkia safari alikuwa ameyatoa magurudumu ili ayang'arishe, akaitwa chakula, akarudi akatia kofia akidhani keshakaza yote.

Tabasamu likamtoka. Akakaa chini pale pale kwenye changarawe na kanzu yake nyeupe.

Bibi yangu akafungua mlango, akaja kusimama juu yake. Alikuwa mfupi, lakini ami alikuwa amekaa.

"Nani aliyesema?" akauliza.

"Rahma," ami akajibu.

"Nawe ulimjibu nini?"

Ami akaiokota ile nati iliyodondoka.

"Nassor, nnakuuliza."

"Nilimtania, mama."

"Mtoto yuko nyuma anakulindia mgongo wako na wa wanao, wewe wamcheka. Alikosea asubuhi, ndiyo, tukacheka, yakaisha. Lakini ungemcheka mpaka saa ngapi? Mpaka anyamaze? Mara ijayo akinyamaza, tutamlaumu yeye?"

Nilikuwa sijapata kumsikia mtu akimkaripia Ami Nassor. Nilitaka ardhi inimeze kwa niaba yake. Kisha bibi akanigeukia mimi, na nikajua zamu yangu imefika.

"Nawe ulianza kuliona wapi?"

"Tangu Amerat, bibi. Lakini nilidhani..."

"Tangu Amerat!" Akatikisa kichwa. "Haya. Nyote wawili mna kazi ya kufanya." Akarudi garini kutafuta chetezo chake.

Maalim Khalfan aliporudi kututafuta, nati zilikuwa zimekazwa. Hakucheka. Alizipitia zote tena kwa spana yake mwenyewe, na za magari mengine pia. Ami Nassor hakuniomba radhi. Watu wa rika lake hawakuwa na ulimi huo. Alikuja kwenye dirisha la Tausi akipangusa mikono, akaegemea mlango.

"Tukishuka," alisema, "kila kona nitakuuliza unaonaje. Uniambie. Hata kama huoni kitu, niambie huoni kitu."

Ndivyo tulivyoshuka. "Nyuma, waonaje?" Nami nikijibu, "Bi Harusi, magurudumu yote sawa." Kona baada ya kona, mpaka bahari ya Kuriyat ikajitokeza.

Sitakudanganya kwamba siku ile iliniponya. Kazi sikupata mwezi ule wala uliofuata, na mpaka leo naamka usiku kufikiria niliyoyasema kwenye arusi za watu. Lakini tulisafiri tena na tena, na kila safari Ami Nassor alianza kwa kuuliza mkia kabla hajauliza kitu kingine chochote. Hakuniita Zimamoto hewani tena. Nikawa nalikosa jina lile, utaniamini?

Miaka ikaenda. Barabara mpya zikajengwa, simu zikaingia mifuko yote, na ukamwona kila mtu kajifungia na ramani yake. Bibi alitangulia mbele ya haki, kisha Bi Zuwena, na Tausi ikawa yangu. Safari ya mwisho tuliyotoka na Bi Harusi ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili. Ami Nassor alikuwa haendeshi tena, magoti yamemkataa. Aliendesha mwanawe, mmoja wa wale waliokuwa wakicheka kiti cha nyuma, naye ami akakaa pembeni na simu mkononi. Tausi mkiani, usukani nimempa mwengine ili simu ibaki kwangu.

Tulipofika juu, pale mteremko unapoanza, nikaisikia.

"Nyuma, waonaje?"

"Bi Harusi, Bi Harusi. Magurudumu yote sawa. Taa zinawaka. Mmenyooka."

Akabonyeza lakini hakusema. Nilisikia upepo wa dirishani kwake, na injini ile kuukuu, na pumzi zake. Sikuweza kusema neno, maana kitufe alikuwa nacho yeye; nikangoja. Kisha akasema, polepole:

"Allah akuridhie, Zimamoto."

Akaachia.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Ukiona gurudumu la mwenzio linacheza, sema, na useme kwa maneno machache ungali na barabara mbele yako. Ukikosea, watacheka, na wewe utakuwa hai na wao watakuwa hai wa kukucheka. Wasipokusikia mara ya kwanza, usijipumzishe kwa kuwa umesema, sema tena. Heshima ya mkubwa usiitafute katika kumnyamazia. Ukimaliza, achia kitufe, usikilize. Na wewe utakapokuwa mbele, kwa kuwa siku itakuja utakuwa mbele, usimcheke aliye nyuma yako mpaka akafunga mdomo. Muulize anaonaje, hata siku ambazo unaona kila kitu kimekwenda sawa.

Mungu akuongoze katika kila mteremko wako. Akujaalie wa kukufuata nyuma mwenye macho yaliyo wazi na asiyekuonea haya, na akufanye wewe uwe hivyo kwa mwenzio. Amin.